Nyongeza ya Moto Mguuni

Naandika haya kwa ajili ya watu wawili. Wa kwanza ni wewe mwenye kisukari unayevaa soksi nyeusi ili usione yanayoendelea ndani. Wa pili ni mwanamume mmoja mwenye koti jeupe. Huyo namwomba asome polepole na asiruke mstari.

Nina vidole vya miguu vinane. Vitano kulia, vitatu kushoto. Nimevihesabu mara mbili kabla ya kuanza kuandika, si kwa sababu nasahau, ni tabia tu. Nimeuza dagaa na mawese Ujiji miaka ishirini na mmoja, na sokoni kwetu ukihesabu mara moja wanakuona mgeni. Utauliza, mwanamke wa namna hiyo alipotezaje vidole viwili kwa hiari yake, akiwa amelazwa kwenye shuka safi? Ndilo ninalotaka kulieleza.

Kisukari nilikuwa nacho mwaka wa nne. Siku ya kliniki ilikuwa ile ile kila mwezi: fika alfajiri, kaa benchi, tobolewa kidole, pokea vidonge, ambiwa upunguze ugali. Vidonge vilinisumbua tumbo. Niko na mteja, namwambia "nisubiri mama," nakimbia, nikirudi mteja kaondoka na lile fungu la dagaa limepungua. Nikaanza kuvichukia vile vidonge kama mtu anavyomchukia mpangaji asiyelipa kodi.

Hapo ndipo wifi yangu Mwamini, dada mkubwa wa mume wangu, aliponiletea habari za Dokta. Wifi naye ana kisukari, tena kilimwanza kabla yangu.

"Wifi, achana na kupanga foleni," aliniambia. "Kuna kijana kule Mwanga, hapa hapa mjini, kasomea China. Anakuchoma sindano za kinga. Ugonjwa ukija unakuta mlango umefungwa."

"Na ulioko ndani tayari?"

"Wewe nawe! Nenda kamuulize mwenyewe."

Nikaenda. Chumba kilikuwa barabarani, pazia la kijani, feni mpya, na picha ya mtu uchi aliyejaa nukta na mistari kama ramani ya umeme. Dokta mwenyewe ni mtu wa Kasulu, ana koti jeupe, sauti laini na kucha safi. Nikiri ukweli: kucha zile zilinivuta. Alinipima mapigo kwenye mikono yote miwili, akanitazama ulimi muda mrefu. Hospitali hakuna aliyewahi kuutazama ulimi wangu muda wote huo.

"Mama, mwaka una misimu minne," alisema. "Kila msimu una mlango wake mwilini. Tunaufunga kabla ugonjwa haujaingia. Mtu anakuja mara nne kwa mwaka, kila mara siku kadhaa."

"Minne ipi, Dokta? Hapa Kigoma tuna mvua na kiangazi."

"Hesabu ni ya Kichina, mama."

"Mimi nipe ya Kigoma. Miwili."

Akacheka, tukapatana miwili. Nilitoka pale nimevimba kichwa. Nilikuwa nimempunguzia Mchina nusu ya mwaka.

Sindano zenyewe sizisemi vibaya. Ni nyembamba kuliko unywele wa mtoto. Alinichoma kumi na nne, nikazihesabu zikiingia, nikazihesabu zikitoka. Bega langu la kulia, lililokuwa linauma kwa kubeba ndoo za mawese, likanyamaza. Nililala vizuri wiki nzima. Ningekuwa nimeishia hapo, leo ningekuwa namwandikia asante.

Msimu wa pili wa mapatano ulikuwa mwezi wa saba. Dokta alisema hizo ndizo siku za joto kali kuliko zote mwakani, ndizo siku za kuingiza moto mwilini ili masika isikukute na ubaridi. Sasa mtu wa Kigoma ajue: mwezi wa saba upepo unatoka ziwani mpaka paa linapiga kelele, na sokoni tunauza tumevaa masweta. Nikamwambia, "Dokta, joto lenyewe liko wapi?" Akajibu kwamba joto lipo, hatulioni. Niliridhika na jibu hilo. Mtu mzima mimi.

Kisha akasema jambo la pili, kwa sauti ile ile laini: kwa siku arobaini za moto, niweke pembeni vidonge vya hospitali. "Visije vikagombana na tiba." Mtu aliyekuwa akitafuta ruhusa ya kuacha vidonge amekutana na mtu wa kumpa. Sikubishana hata kidogo. Ndiyo bei pekee maishani mwangu niliyoikubali mara ya kwanza kutajwa.

Tiba ya moto iko hivi. Wana majani makavu yaliyosokotwa kama sigara nene. Wanawasha ncha, wanaisogeza karibu na ngozi bila kugusa, mpaka usikie joto. Mgonjwa ndiye mwenye breki. Dokta alinieleza vizuri, hilo simnyimi: "Ukisikia moto, sema basi."

Kuna mambo mawili hakuyajua. La kwanza alipaswa kuuliza: nyayo zangu zilikuwa na ganzi mwaka wa pili sasa. Kisukari kilikuwa kimezila hisia taratibu, mimi nikidhani ni uchovu wa kusimama. La pili nisingeweza kulijua hata mimi mpaka nilipolala wodini na kuwa na muda wa kufikiri: mimi si mtu wa kusema basi. Sokoni anayesema basi wa kwanza ameuza kwa hasara. Unanyamaza, unatazama pembeni, unamwacha mwenzako aseme.

Siku ya tatu ya moto alianza na mguu wa kushoto.

"Vipi, mama?"

"Bado."

Akasogeza. "Sasa?"

"Bado, Dokta. Ongeza."

"Mama Rehema una mwili mgumu."

"Na mteja wako wa siku nyingi humpi nyongeza?"

Nyongeza, kwa asiyefanya biashara, ni lile konzi unaloongeza juu ya fungu baada ya mtu kulipa. Mnunuzi asiyepewa nyongeza haondoki, atasimama pale anakutazama mpaka uone haya. Mimi nimeidai kila mahali: kwa fundi cherehani, kwa muuza vocha, hata kwa aliyemchimbia kaburi baba mkwe. Nikaidai na pale. Dokta akacheka, akachukua kijisanduku cha mianzi, akaweka ndani kipande kinachowaka, akakifunga kwa mpira pembeni ya unyayo, kwenye vidole vile viwili vya mwisho. "Haya, nyongeza hiyo," akasema. Mara kukawa na mteja mwingine mlangoni. Akatoka kumpokea.

Nikasinzia. Kilichonizindua ni harufu ya nyama. Nikawaza, mama lishe wa jirani kawahi kuwasha mishikaki leo.

Dokta aliporudi alikifungua kile kijisanduku haraka sana, halafu akawa mtulivu sana. Nimefanya biashara na watu wengi, namjua mtu anayetulia kwa makusudi. "Malengelenge ni dalili nzuri," alisema. "Ubaridi unatoka." Akapaka dawa nyeusi, akafunga kitambaa, akanivisha soksi kwa mikono yake mwenyewe. Sikusikia maumivu yoyote. Nilimshukuru.

Nilirudi kwake mara tatu kubadilishwa kitambaa. Mara zote ubaridi ulikuwa unatoka. Sisi wa dagaa kalenda yetu ni mwezi wa angani: ukiwa mkubwa wavuvi hawaendi, taa zao hazivuti kitu, ukipotea tunasema ni giza, na dagaa wanakuja. Niliungua mwanzo wa giza. Giza lote lile nilisimama sokoni na mguu ule, nikipima, nikiita wateja, nikiona kiu ya ajabu na kwenda haja ndogo kama niliyelipwa.

Aliyegundua ni mume wangu, Baba Rehema. Alitoka kuswali asubuhi akaona alama kwenye saruji ya baraza, nusu unyayo, nusu unyayo, rangi ya chai ya rangi. Akazifuata kama anayemfuata mwizi wa kuku mpaka kwenye kiti nilichokaa.

"Mama Rehema, hii ni damu?"

"Ni ubaridi unatoka."

"Ubaridi una rangi?"

Akapiga goti, akavua soksi. Halafu akainuka, akatoka nje, nikamsikia anatapika kwenye migomba. Tumeoana miaka ishirini na sita. Amenizalisha mtoto wa pili kwa mikono yake ndani ya boti bila kutapika. Nikajua hali ni mbaya.

Hospitali sukari ilipimwa, na kile kipimo hakikutoa namba, kilitoa neno, maana yake sukari imepita namba zake zote. Muuguzi akakipima tena, neno likawa lile lile. Kwa mara ya kwanza kuhesabu mara mbili hakukunisaidia.

Daktari wa upasuaji alionekana binti mdogo kuliko Rehema wangu. Alichukua kalamu ya wino, akachora mstari kuzunguka mguu, juu kidogo ya kifundo.

"Mama, uvimbe umefika hapa chini. Hivi vidole viwili vimekufa. Uvimbe ukivuka mstari huu, tutakata chini ya goti ili tukuokoe wewe."

"Daktari, unaanzia juu sana. Anzia chini tukutane."

"Hapa hatupatani bei, mama."

"Nipe siku saba."

"Tatu."

"Tano."

"Tatu, mama. Na dawa unameza zote mbele yangu."

Siku tatu zile ndizo ninazotaka uzijue, wewe wa soksi nyeusi. Nilikuwa na dripu mkono mmoja, na mkono wa pili nilikuwa napima. Kutoka ukingo wa uvimbe mpaka kwenye mstari: vidole vitatu vya mkono. Napima tena: vitatu. Baada ya chakula cha mchana: viwili na nusu. Siku ya pili asubuhi: kimoja. Nilipima mara mbili, halafu mara ya tatu nikiomba niwe nimekosea. Mguu ule ndio ulionisimamisha sokoni miaka yote. Mwanamke anauza dagaa akiwa amesimama. Ukikaa, wateja wanakwenda kwa aliyesimama. Nilijiona tayari nimekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba, nauza karanga kwa watoto.

Kitanda cha jirani, upande wa wanaume, kilitenganishwa nami kwa pazia tu, na huko alikuwepo mzee mmoja wa Kalinzi, mkulima wa kahawa. Yeye mguu wake ulishakatwa mpaka gotini. Asubuhi ya siku ya pili alinisalimia kwa Kiha kupitia pazia.

"Mwakeye, mama. Mstari unasemaje?"

"Umebaki na kidole kimoja, mzee."

"Wangu walipouchora nilikuwa nalala, nikiogopa kuangalia. Wewe angalia. Na mguu uulaze juu ya mto, uuinue, usiuninginize."

Nikauinua juu ya mito miwili na khanga nne. Hakuna dawa niliyopewa na mtu ikaniingia kama lile pazia lililoniuliza mstari unasemaje. Jioni: kimoja. Siku ya tatu asubuhi: kimoja na nusu. Mara mbili. Uvimbe ulikuwa unarudi chini. Nikalia kwa sauti mpaka muuguzi akaja mbio akidhani umevuka.

Wakakata vidole viwili. Mguu ukabaki wangu.

Sasa tufike kwa bwana mwenye koti, maana najua amekuwa akiruka mistari akitafuta jina lake. Silitaji. Siku ya nne baada ya upasuaji alikuja wodini kunitazama, kachana nywele, kabeba boksi mbili za juisi ya embe. Mtu wa kinga, kaja kumwona mgonjwa wa sukari na juisi ya embe.

"Pole sana, Mama Rehema. Ulivua soksi mapema, ndiyo tatizo."

Nilimtazama viatu. Vilikuwa vyeusi, vimepigwa kiwi, vimejaa vidole.

"Dokta, kumi kwa nane," nikamwambia. "Unanidai au nakudai?"

Aliweka juisi kando ya kitanda, akaaga. Alipoondoka nilipimwa sukari, ikawa imepanda, na sikuwa nimeonja tone la ile juisi. Muuguzi, Sista mmoja mwenye asili ya Burundi, mpole lakini mkali wa masharti, akatikisa kichwa, akashangaa kwa lugha ya kwao. "Mawe we! Mama, hasira nayo ina sukari. Iweke chini."

Sikuiweka chini. Niliihifadhi tu mahali pakavu.

Nyumbani kulikuwa kugumu kuliko wodini. Kidonda kinanuka, tuseme ukweli. Baba Rehema alianza kulala kwenye kochi sebuleni, akasema chumbani kuna joto. Mwezi wa nane, na upepo wote ule! Nilimwambia, "Na wewe umesomea China?" Akaona aibu, akarudi kwa siku mbili, akahama tena. Mchana lakini alinifunga kidonda mwenyewe kama alivyofundishwa, uso kageuza dirishani, mikono ikifanya kazi yote. Alinipikia dagaa wenye mchanga nami nikala. Nywele zilinitoka mbele. Nguo zikanilegea mpaka gauni la harusi ya Rehema likanizunguka mara moja na nusu. Nilijifunza kutembea upya. Vidole vidogo huvioni thamani, kumbe ndivyo vinavyokuzuia usianguke upande.

Na wifi Mwamini alikuja kila Ijumaa kuniambia kosa langu.

"Ulivunja masharti, wifi. Ulikula machungwa."

"Machungwa yanachoma unyayo?"

"Mimi nimeshajiandikisha. Mvua zikikaribia naanza moto. Mguu wako usinitie nuksi."

Sokoni wenzangu walinipa mawazo. Mmoja alijua vijana wa kuvunja vioo. Mwingine alijua mtaalamu ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, anayeweza kumfanya mtu asahau jina lake. Niliyafikiria yote mawili, tena kwa raha. Lakini mtu aliyesahau jina lake hatakumbuka na langu, na mimi nilitaka akumbuke. Nilitaka kila akiwasha kiberiti anione.

Mwishoni mwa mwezi wa tisa, kidonda kilipofunga, nikachukua mkongojo, nikapanda bodaboda mpaka Mwanga. Nikasukuma pazia la kijani. Kwenye chumba cha kungojea kulikuwa na wateja watano. Nikasalimia, nikakaa katikati ya benchi, nikavua kiatu, nikanyoosha mguu juu ya kigoda chake cha majarida.

Mama mmoja mnene akaniuliza, kama ilivyo lazima kuuliza, "Ulipata ajali, dada?"

"Hapana. Nilipata kinga."

Sikutia chumvi hata punje. Nilieleza nilivyoeleza hapa: ganzi, vidonge, nyongeza, harufu. Hata kosa langu nililisema, maana mtu anayesema kosa lake anaaminiwa na mengine. Watatu wakaondoka. Dokta akachungulia.

"Mama Rehema, karibu ndani tuongee."

"Hapa pana hewa."

"Nitakurudishia ulichotoa."

"Una vidole ndani?"

"Basi nitakutibu bure. Misimu yote minne, maisha yako yote."

"Umesema basi, Dokta. Umeshauza."

Nikarudi kesho yake. Na keshokutwa. Nilimpa masharti matatu: asimwachishe mtu vidonge vya hospitali, asisogeze moto kwenye mguu wa mwenye kisukari, na ayaandike hayo ukutani, kwa maandishi ya kusomeka, chini ya yule mtu uchi wa nukta. Alikubali la kwanza, kwa mdomo. Mimi mdomo sipokei. Siku ya tano alinifungia mlango. Nikakaa nje kwenye ngazi, huko ndiko kuna watu zaidi.

Siku ya nane ndiyo ilikuwa zamu ya wifi Mwamini. Alikuja na khanga mpya, akanikuta pale, akafura.

"Unanifedhehesha! Mke wa ndugu yangu kukaa ngazini kama ombaomba!"

"Nipe dakika moja, wifi. Moja tu, kisha sitasema neno."

"Ya nini?"

"Lala humo ndani unavyotaka kulala. Fumba macho."

Dokta alipomfungulia wifi mlango, nami nikapenya nyuma yake, tukawa watatu ndani. Wifi akapanda kitandani, akavua viatu, akafumba macho kwa hasira. Dokta alikuwa ameshika ule msokoto, haujawashwa. Yule Sista wa wodini alikuwa amenipa kipande cha uzi wa nailoni, mgumu kama wa kushonea nyavu. Ndio wanaopimia kama nyayo bado zina hisia. Nikamgusa wifi kidole gumba. Nikamgusa katikati ya unyayo. Nikamgusa kisigino, nikabonyeza mpaka uzi ukapinda. Mguu wa kulia. Mguu wa kushoto. Nikarudia yote mara ya pili.

"Haya anza basi," wifi akasema, macho kafumba. "Umesema dakika moja."

Dokta akauweka chini ule msokoto. Feni ilikuwa inazunguka.

"Wifi? Anza."

"Nimemaliza, wifi," nikamwambia. "Nimemaliza mara mbili."

Alifumbua macho, akaangalia uzi, akaangalia nyayo zake kama za mtu mwingine. Kisha akaanza kutafuta viatu. Nikamsaidia kufunga mkanda. Hakunitazama.

Dokta akakaa kwenye kiti chake. "Umenimaliza, mama," alisema.

"Bado. Vua na wewe."

Sijui kwa nini alitii. Labda hata yeye alikuwa anataka kujua. Alivua kiatu cha kiwi, akavua soksi, akafumba macho, nami nikamgusa unyayo kwa uzi nikiomba, Mungu anisamehe, nikiomba asisikie kitu. Akaruka. Akacheka kama mtoto anayetekenywa, akauvuta mguu. Mguu mzima kabisa, laini, haujawahi hata kukanyaga mwiba. Hilo linaniuma mpaka leo kuliko kidonda.

Wifi alipimwa sukari kesho yake. Hakuniambia asante; alinishikia nafasi kwenye foleni ya kliniki, akaweka mkoba wake pale ningekaa, akamfokea mwanamke aliyetaka kuusogeza. Tangu hapo tunakwenda pamoja kila mwezi, na tunatazamana nyayo kwa kioo kidogo kila asubuhi ya Ijumaa. Ninameza vidonge. Tumbo lilianza tena kunisumbua, daktari akaniambia nivimeze pamoja na chakula, kumbe ni hilo tu, na sikuwahi kuuliza. Uliza. Vua soksi. Tazama chini ya mguu wako kama unavyoitazama chenji.

Baba Rehema amerudi chumbani. Hatujalizungumza lile kochi. Nimeliuza.

Malalamiko yangu niliyaandika na kuyapeleka kwa wahusika wa afya, nakala mbili. Walikuja wawili, wakamwomba Dokta kibali chake. Alichokuwa nacho kilikuwa cha kuuza majani makavu, si cha kuwasha moto kwenye watu. Mvua za kwanza ziliponyesha, pazia la kijani lilikuwa limeshuka na chumba kinauza vifuniko vya simu. Watu waliniuliza kama sasa moyo umetulia. Ulitulia wiki moja.

Juzi mteja wangu mmoja, anayepeleka dagaa Kasulu, aliniambia ameona kibao kipya Kidahwe, barabarani kabisa. Sindano, moto, kinga ya misimu minne. Kijana mwenye sauti laini, kucha safi.

Nimemuuliza bodaboda wa Kidahwe anataka kiasi gani kwenda na kurudi. Tumepatana. Naenda Jumatatu, asubuhi, kabla benchi halijajaa. Nitavaa ndala.